Watu wa Udongo na Grisi

Shemeji yangu Barasa tulimzika Jumamosi, na nimerudi nyumbani na hasira ambayo hata chai haijaituliza. Si kifo kilichonikasirisha. Barasa alikuwa amekula chumvi nyingi, aliwaona wajukuu mpaka wakamchosha, na alikufa usingizini, jambo ambalo wengi wetu tunaliomba bila kulipata. Kilichoniudhi ni ule wasifu wa marehemu uliosomwa mbele ya jeneza. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akastaafu, alikuwa mpenda kanisa. Mpenda kanisa! Barasa, ambaye dada yangu Akol alikuwa akimfinya paja kila Jumapili ili asikorome katikati ya mahubiri! Hakuna aliyesema kwamba mtu huyu aliwahi kuufanya udongo utembee. Nilipoona nitapasuka nikaondoka chini ya hema nikaenda nyuma ya nyumba, na huko nikawakuta wajukuu zake wamebanana juu ya simu moja. Walikuwa wakitazama katuni. Familia nzima ya vinyago, baba, mama, bibi na mbwa wao, walikuwa wanakimbizwa, wanaanguka, wanainuka, wanakimbizwa tena. Watoto walicheka lakini hawakushangaa. Nikamuuliza yule mdogo kabisa, "Hawa wanatembeaje?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Ni katuni tu, kukhu," akasema, kwa maana wao humwita bibi kwa Kibukusu cha babu yao. Ni katuni tu. Basi nikakaa pale kwenye nyasi nikatazama nao mpaka mwisho, na moyo wangu ukawa Malaba, mpakani na Uganda, katikati ya miaka ya sabini, mwaka niliokuwa na miaka kumi na minne.

Mwaka ule nilikaa kwa Akol na mumewe ili nimsaidie dada kumlea mtoto wake wa kwanza na nisome shule iliyokuwa karibu. Walikuwa wamepanga chumba kimoja kwenye safu ya vyumba vya mabati nyuma ya uwanja wa malori. Pazia la maua makubwa mekundu liligawa chumba hicho: upande wa ndani kitanda chao, upande wa nje mkeka wangu, jiko la makaa, meza ya Barasa na ndoo za maji. Asubuhi ukuta wa mabati ulitetemeka malori yalipowashwa, na kila tulichokula kilikuwa na ladha ya dizeli. Nakumbuka hasa samaki wakavu wa njugu. Akol alisaga njugu akazimimina juu ya samaki hao mpaka mchuzi ukawa mzito wa kubanwa na ugali wa wimbi, na majirani, tanboi, yaani utingo wa malori, na makarani wa kupitisha mizigo, walipitisha vichwa mlangoni wakiuliza, "Mama, hapo hakuna kamfupa kamebaki?" Barasa alikuwa na kazi ambayo mimi niliiona kubwa kuliko ya mkuu wa wilaya. Aliendesha gari la sinema la kampuni moja ya sabuni, akazunguka sokoni Chakol, Amagoro na kwingineko akionyesha matangazo ukutani. Lakini gari hilo lilikuwa limevunjika giaboksi, spea ilikuwa inangojwa kutoka Nairobi, na Nairobi haikuwa na haraka. Kwa hiyo kwa miezi mingi shemeji yangu alikuwa na mashine ya sinema chini ya kitanda, jenereta nyuma ya mlango, na siku nzima ya kukaa bure. Akol alisema mwanamume asiye na kazi ni mgeni asiyeaga.

Lazima nieleze jambo la Mama na mkwe wake, maana bila hilo hakuna hadithi. Kwetu Wateso, na kwa Wabukusu pia, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani ana kwa ana. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawasemezani. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Barasa akienda kwetu Moding, Mama alitoweka kwenye shamba la muhogo, na ujumbe wao ulibebwa na sisi watoto hata kama walitenganishwa na ukuta mmoja tu wa udongo. "Mwambie mkwe wangu chakula kiko tayari." "Mwambie mama nimeshiba, ameweka baraka." Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini lazima nikimbie kutoka mlango huu hadi ule nikirudia maneno. Siku moja walikutana kwa bahati mbaya kwenye kona sokoni Amagoro. Mama akajifunika uso kwa kanga, na Barasa, mtu mzima mwenye masharubu, akajitupa mtaroni pamoja na kikapu cha viazi. Watu walicheka, lakini walimsifu. Walisema yule Mbukusu amelelewa.

Mwaka ule Mama alikuja Malaba karibu kila siku, na si kwa ajili yetu. Kaka yangu Okware alikuwa tanboi kwenye lori la chumvi la Mhindi mmoja. Mwanzoni mwa mwaka alivuka kwenda Uganda kama alivyovuka mara nyingi, amekaa juu ya magunia, kofia imeegeshwa upande, akipiga mluzi kupitia pengo la meno ya mbele. Lori halikurudi. Huko ng'ambo mambo yalikuwa mabaya na kila mtu alijua, ingawa watu waliyataja wakiangalia kwanza nyuma yao. Nilipotumwa maziwa kwenye kibanda cha chai, niliwasikia madereva. "Hiyo lori ilionekana Jinja." "Wapi! Hiyo ilikuwa ya Mhindi mwingine." "Mimi niliambiwa walishukishwa njiani, wote." Wakiniona, mmoja alikohoa, na wote wakaanza kuzungumza juu ya bei ya matairi. Mama alitembea kutoka Moding na kikapu cha ugali wa wimbi uliofungwa kwa jani la mgomba, akakaa karibu na kizuizi cha barabara kutoka asubuhi hadi mpaka ulipofungwa, akikagua kila lori lililotoka upande wa pili. Jioni alikipeleka kikapu nyumbani kikiwa kimejaa. Chakula cha jioni aliacha kabisa kukila. Alisema atakula na mwanawe. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha kuku, na kufikia katikati ya mwaka shingo yake ilikuwa imebaki mishipa.

Ukoo ulikuwa na dawa yake. Mtu akipotea mbali, na mwili wake usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo yake, likazikwa mahali ambapo angezikwa yeye, na roho yake ikapata mahali pa kurudi. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, mtu wa haraka hata akila, alifika nyumbani Moding na wazee wengine, nami nilikuwa nyuma ya jiko nikichambua kunde nikasikia kila neno. "Mama Okware, nyumba ya kijana haiwezi kukaa wazi hivi. Wadogo wake wanataka kujenga. Tuzike, tuoshe mikono, tuendelee." Mama akamjibu polepole, "Utazikaje mtu mwenye bado ako kwa barabara?" "Sasa barabara gani inachukua mwaka?" "Mkichimba hiyo shimo," Mama akasema, "mniweke mimi ndani. Huo mgomba muache uzae ndizi." Wazee wakamaliza pombe yao ya mirija wakaondoka, lakini waliacha siku imewekwa: Jumatatu moja baada ya mavuno ya pamba. Nilimjua Mama. Hakuwa mtu wa maneno ya bure. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mimi nilikuwa mtoto wa kufinyanga. Kando ya mto kulikuwa na udongo mweusi laini, na tangu utoto nilitengeneza ng'ombe na watu, nikamuudhi kila mtu kwa kuacha alama za vidole vyangu kwenye nguo zilizoanikwa. Siku moja Barasa alirudi kutoka kuuliza habari za spea, akakuta mezani familia yangu nzima: baba dereva mwenye tumbo, mama mwenye kitambaa kichwani, bibi mwenye makalio makubwa kuliko lori lake, na lori lenyewe la waya wa spoku na magurudumu ya vifuniko vya chupa za soda. Akainama, akawatazama mmoja mmoja. Kisha akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa sanduku la ngozi ambalo sikuwahi kuruhusiwa kuligusa. Ndani mlikuwa na kamera. Mzungu mmoja wa misheni, ambaye Barasa alimfanyia kazi zamani, alimwachia alipokwenda kwao, pamoja na mikanda michache ya filamu. Ilikuwa na ufunguo wa kuzungusha kama saa ya mezani, na kando yake kitufe kidogo. "Shemeji," akaniambia, "hii kitufe inapiga picha moja peke yake. Ukipiga moja, usongeze mtu kidogo, upige ingine, usongeze tena... huyo mtu atatembea." Nikamwambia asinidanganye kwa kuwa mimi ni mtoto. Akacheka mpaka mtoto wa Akol akaamka. "Mimi nimekula mshahara ya sinema miaka yote hii," akasema, "na sijawahi kujaribu hiyo kitu. Nilikuwa nangoja watu."

Udongo wa mto ukikauka hupasuka, na mtu aliyepasuka hawezi kutembea. Tulihangaika na maji, tukahangaika na mafuta ya kupikia, mpaka Barasa akaenda uwanjani kwa malori akarudi na kopo la grisi. Tulikanda udongo na grisi mpaka ukawa mweusi wa kung'aa, laini kama ugali uliopoa kidogo, na ndani ya kila mtu tukaweka waya ili akipindwa abaki amepindika. Macho yalikuwa punje za mtama. Ukuta wa nyuma ulikuwa boksi la sabuni lililopakwa rangi: upande mmoja nyumba yetu na mlango wa kufungua kwa uzi, upande mwingine jiwe la Tororo, mwamba mkubwa wa ng'ambo ya mpaka ambao mtu yeyote wa Malaba anaweza kuuchora akiwa amefumba macho. Hadithi ilikuwa ya Barasa. Familia inakwenda harusini ng'ambo. Lori linakataa kuwaka. Bibi hatoshei popote mpaka anafungwa juu kwa kamba. Afisa wa forodha anataka kupekua bibi, na kizuizi kinapoinuliwa kinamchukua yeye mwenyewe juu kwa suruali. Tulifanya kazi jua likiwa limeingia dirishani, kabla halijahama. Mimi nilisogeza, upana wa ukucha tu, nikaondoa mkono, nikashika pumzi, Barasa akabonyeza, kitufe kikalia tiki. Moshi wa lori ulikuwa pamba mbichi, tukiongeza kipande kidogo kila mara. Siku nzima ya kazi, mgongo ukiuma, ilitupa safari ya lori kutoka mlangoni hadi kwenye shimo la kwanza. Siku moja tuligeuka kunywa chai, na tuliporudi tukasikia tiki, tiki, tiki: mtoto wa Akol alikuwa amekalia waya wa kubonyezea kile kitufe kwa mbali, na kuku wa mama mwenye nyumba alikuwa amesimama katikati ya barabara yetu. "Bosi!" nikapiga kelele, jina nililomwita tukiwa kazini. "Hiyo kuku imekula jicho ya forodha!" Barasa alijishika kichwa. Filamu haifutiki, na hatukuwa na ya kuchezea. Basi tukaendelea na afisa wa jicho moja.

Tanboi nilikuwa nimemtengeneza mwisho wa watu wote, kabla hatujapiga picha hata moja, peke yangu, Barasa akiwa nje. Sikupanga kumfanya Okware. Nilianza na kofia, kofia ikakataa kukaa katikati ikaegemea upande, na baada ya hapo vidole vyangu vilikuwa vinajua vyenyewe. Nikampa pengo la meno kwa ncha ya sindano. Nikamkatia shati kutoka kwenye kitambaa cha shati lake kuukuu ambalo Akol alikuwa akifutia meza. Nilipomsimamisha nikalia, kisha nikafurahi, kisha nikaona aibu ya vyote viwili. Jioni, mimi nikiwa mkekani na wao nyuma ya pazia, nikasikia.

"Barasa. Huyo tanboi ni Okware."

"Ni udongo na grisi, Akol."

"Usiniambie udongo! Nimeona kofia. Nimeona hiyo pengo. Mtu hatujui kama ako hai ama alikufa, na nyinyi mnamchezesha na waya?"

"Mtoto ndiye alimtengeneza. Nikimvunja, nitamwambia nini?"

Kitanda kililia. Akol akauliza kwa sauti ndogo, "Na Mama akiona?"

"Mama yako ataona wapi, na mimi ndiye nashika mashine? Tutakaa nyumba moja namna gani?"

Asubuhi Akol alimchukua yule tanboi mdogo mkononi, akamtazama sana, akamnyoosha kofia. Kofia ikarudi upande. Akamrudisha mezani, na siku hiyo tulipiga picha ya kwanza ya hadithi: mlango wa nyumba unafunguka, tanboi anatoka, anageuka kumpungia mtu aliye ndani, anatembea mpaka kwenye lori, anapanda juu. Barasa aliamua filamu ianze naye.

Mikanda ilikwenda Nairobi na dereva mmoja wa kuaminika, ikarudi baada ya wiki nyingi kwenye kopo la bati. Nilidhani nitafungua nione watu wakikimbia ndani kama siafu. Barasa akaunyoosha mkanda dirishani, nami nikaona vijipicha vidogo vidogo, vyote vimefanana, tanboi amesimama, tanboi amesimama, tanboi amesimama. Nilikatishwa tamaa mpaka machozi. "Ngoja," Barasa akasema. "Hata mimi sijaona. Tutaona na watu." Karani mmoja wa pamba alikubali kutupa stoo, Jumapili mchana, maana pamba ilikuwa imeshapelekwa kiwandani na stoo hiyo haikuwa na dirisha. Jumapili hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya Jumatatu ya mgomba.

Nilikwenda mwenyewe Moding kumwita Mama. Nilimkuta akifunga ugali kwenye jani.

"Mama, nimetengeneza watu. Wanatembea."

"Udongo hautembei."

"Kuja uone."

"Na mkwe wangu atakuwa huko?"

"Ndiye anazungusha mashine."

"Basi umenialika vizuri sana," akasema, akaendelea kufunga. Nikamwambia nimeshafikiria: stoo ina mlango wa nyuma wa kuingizia magunia, na shuka la kuonyeshea picha litakuwa katikati. Yeye atakaa nyuma ya shuka, mkwe wake mbele yake, na hawataonana hata kivuli. Picha hupenya kitambaa. Akakaza fundo la jani. Ndipo nikamwambia lililobaki, kwa sababu sikutaka limkute ghafla gizani. "Mama, Okware yuko ndani." Mikono yake ilisimama. Alinitazama usoni kwa namna ambayo sijatazamwa tena na mtu yeyote, kisha akanyanyuka, akamimina maji kwenye beseni, akaosha miguu kama mtu anayekwenda kanisani.

Stoo ilijaa. Madereva, tanboi, akina mama wa sokoni, makarani, watoto juu ya mabega, hata Baba mkubwa na wazee wake walikuwa wamekuja kuona, wamekaa mbele kabisa na fimbo zao. Haya niliyajua kwa masikio, maana mimi nilikuwa nyuma ya shuka na Mama, tumekaa juu ya magunia matupu, vumbi la pamba likitutekenya pua. Jenereta likanguruma nje. Milango ikafungwa. Na shuka likawaka.

Nimeishi miaka mingi baada ya pale. Nimezaa, nimeona ndege kwa ndani, nimeona mtu akizungumza kwenye simu na uso wa mwanawe aliye Ulaya. Hakuna hata kimoja kilichonishika kama kile. Mlango wa boksi la sabuni ulifunguka wenyewe. Tanboi akatoka. Niliujua kila ukucha wa safari ile, nilimsogeza mimi kwa vidole hivi, na bado nywele zilinisimama, kwa sababu sasa hakuna mkono uliomgusa. Alitembea. Alitembea akiyumba kidogo, mabega mbele, kama Okware hasa, na mimi sikumfundisha hivyo, naapa sikumfundisha. Akageuka akapunga mkono, mkubwa kama mtu mzima, akitupungia sisi wawili nyuma ya shuka. Upande wa pili stoo nzima ilivuta pumzi mara moja. Sauti moja ya mzee ikasema, "Yesu wangu, imegeuka!" Kisha kicheko kikaja. Bibi aliposukumwa juu ya lori makalio kwanza, akina mama walipiga makofi. Lori lilipokataa kuwaka, tanboi wote wa Malaba walimpigia kelele mwenzao: "Sukuma! Weka jiwe, weka jiwe!" Afisa alipoinuliwa na kizuizi kwa suruali, ilibidi watu washikane. Na ghafla, katikati ya barabara, kichwa cha kuku kikubwa kama lori kikashuka kutoka mbinguni kikamdonoa afisa jicho. Watu waliruka. Mtu mmoja alikimbilia mlangoni. Madereva walimwambia dereva wa udongo akanyage mafuta. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma, na niliposikia kicheko cha pili kando yangu sikukitambua mara moja, kwa kuwa sikuwa nimekisikia mwaka mzima.

Halafu kizuizi kikabaki nyuma. Lori lilikwenda kuelekea jiwe la Tororo, tanboi amekaa juu, likatoa pamba yake, likawa dogo, likafika ukingoni mwa shuka, likaondoka. Hapo ndipo hadithi yetu iliishia. Hatukuwa na filamu ya harusi. Shuka likabaki na barabara tupu. Watu wakaanza kupiga makofi, na juu ya makofi hayo Mama akasimama. Alishika shuka kwa mikono miwili, uso wake umeoga mwanga, akasema kwa sauti iliyoijaza stoo: "Mkwe wangu! Amepita. Mkwe wangu, mrudishe."

Makofi yalikatika. Kila mtu mle ndani alijua alichosikia. Mama mkwe alikuwa amemwita mkwe wake, kwa kinywa chake, mbele ya wazee. Nilimngoja Barasa aseme kitu, nikajua hawezi. Heshima ilikuwa imemziba mdomo. Nilisikia mashine ikisimama. Kisha nikasikia swichi. Ilikuwa swichi ya kurudisha mkanda ukikwama, na sidhani kama aliwahi kuitumia taa ikiwa inawaka.

Lori likatokea ukingoni. Lilikuja kinyumenyume kutoka Tororo, na pamba iliyotawanyika ikakimbilia magurudumu ikaingia ndani yake. Kuku alishuka akamrudishia afisa jicho. Afisa akateremshwa polepole hadi chini akasimama wima, mtu wa heshima. Kizuizi kikapita, shimo likapita, bibi akaelea kutoka juu hadi ardhini kwa upole kama jani. Hakuna aliyecheka. Watu zaidi ya mia walikuwa kwenye giza lile na nilichosikia ni mashine tu. Lori likasimama mbele ya nyumba. Tanboi akashuka. Akarudi hatua kwa hatua, amepunga mkono, mgongo wake ukitangulia, mpaka mlangoni, akaingia ndani ya nyumba. Mlango ukafungwa. Mwanga mweupe ukabaki.

Mama alikaa juu ya gunia. Alilia, na nililia naye, na sikuona aibu. Alilia kama watu wanavyolia matangani, kwa sauti, kwa jina, mara ya kwanza tangu mwaka uanze, na upande wa pili akina mama wa Malaba wakampokea wakalia naye bila kumwona. Walipochoka, akajifuta kwa kanga akainuka. Mlango wa nyuma ulikuwa hatua chache tu, lakini hakuupita. Alizunguka shuka akatokea mbele, na watu wakampisha. Barasa alikuwa amegeukia ukuta kando ya mashine yake, kama inavyotakiwa, paji la uso kwenye matofali, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Mama alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuweza kumgusa. Akajifunika uso. Akaniambia mimi, kwa sauti yake ya siku zote, ile ya kutuma watoto:

"Mwambie mkwe wangu, mtoto amefika. Kesho aje na panga, asaidie kukata mgomba."

Nikamgeukia Barasa nikamwambia. Hakuuacha ukuta.

"Mwambie Mama nimesikia," akasema.

Nikamwambia.